Plagi, gepu na gari linalomisi: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Probox moja (gari la Toyota) ililetwa gereji na plagi nne mpya, vile vifaa vya kutoa cheche, na bado ilikuwa inamisi, yaani kuna silinda haiunguzi mafuta vizuri. Tambarare ilikwenda vizuri. Ikianza kupanda mlima Kitonga na mzigo, inatetemeka na nguvu zinakata. Mwenyewe alishabadilisha plagi mara mbili ndani ya miezi mitatu. Inaniuma kuona pesa za mtu zikipotea hivyo.

"Gari likimisi, plagi zimekufa."

Silinda inahitaji cheche, mafuta, hewa na kompresheni (mbano wa hewa na mafuta). Kimoja kikipungua, inamisi. Mashine ya kupima ikitoa kodi (namba ya hitilafu) P0302, imekwambia silinda ya 2 haiunguzi vizuri. Haijakwambia kwa nini. Kwenye injini kama 1NZ ya Probox, kila silinda ina koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme wa volti kubwa), kwa hiyo jibu linapatikana bila kununua kitu. Zima injini, badilishana koili ya silinda ya 2 na ya 3, futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, fanya hivyohivyo kwa plagi. Ikigoma bado, ndipo uguse nozeli inayopulizia mafuta, kisha upime kompresheni. P0300 ni habari nyingine: misi inarukaruka, basi anza na vinavyohudumia silinda zote, kama presha ya mafuta au paipu iliyotoboka inayovuta hewa ya ziada kwenye menifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini.

Ile Probox, koili ilipochomolewa, shimo la plagi lilikuwa limejaa oili iliyovuja kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini). Raba ya koili ilishalainika. Na kwenye kauri nyeupe ya plagi, ambayo ilikuwa mpya, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, toka juu hadi kwenye chuma. Umeme ulikuwa unateremka kwa nje badala ya kuruka ndani ya silinda. Ungeiwekea plagi mpya kila wiki, hiyo raba ingeendelea kuziharibu.

Kwa nini imisi mlimani tu? Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi zaidi inabanwa ndani ya silinda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Umeme ukiona njia rahisi pembeni, unapita huko.

"Gepu pana, moto mkali, gari linapata nguvu."

Hii inaweza kuua koili. Gepu ni ile nafasi kati ya ncha mbili za plagi ambako cheche huruka. Ni kweli gepu pana hutoa cheche ndefu, lakini kila ukilipanua, koili inalazimika kutoa volti zaidi. Ikishindwa, unamisi palepale unapohitaji nguvu. Ukilibana mno nako, cheche inakuwa fupi, inashindwa kuwasha mchanganyiko vizuri, na gari linatetemeka likiwa silensa (limewaka bila kukanyaga mafuta). Gepu ni kipimo cha injini husika. Plagi ya Denso SK16R11 inayotumika kwenye 1NZ ina 11 mwishoni: maana yake milimita 1.1. Plagi ya pikipiki kama NGK C7HSA huwa 0.6 hadi 0.7. Usichukue kipimo cha gari ukakipeleka kwenye bodaboda.

"Plagi mpya haipimwi."

Ipime. Imesafiri, pengine imeanguka dukani, na ncha ikipinda kidogo gepu limebadilika. Ila kwa plagi ya iridiamu (yenye ncha ya madini hayo magumu) tumia fila geji ya waya, kipimo cha gepu, na mkono mwepesi. Ile ncha ya katikati ni nyembamba. Ukiitumia kama egemeo la kupanulia gepu, inakatika. Kama gepu limepotea sana, rudisha dukani.

"Iridiamu inaongeza nguvu."

Inaongeza maisha. Ncha yake hailiki haraka, ndiyo maana nyingi hupangiwa hadi kilomita 100,000. Kwenye injini nzima hutasikia tofauti na plagi ya kawaida ya nikeli iliyo mpya yenye gepu sahihi.

"Plagi chafu, piga msasa."

Msasa unachuna, na chembe za chuma zinazobaki juu ya kauri zinapitisha umeme. Ukiona masizi meusi makavu, tafuta kwa nini mafuta yamezidi. Ukiona oili mbichi kwenye ncha, angalia ringi na sili za valvu.

"Taa ya injini hata ikipepesa, utafika tu."

Ikipepesa, misi ni kubwa. Petroli isiyoungua inaingia ekzosi na kuungulia ndani ya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi), mpaka ile kauri yenye matundu inayeyuka na kuziba njia ya moshi. Toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kupaki.