Taa za bustani: funga mchana, lenga usiku

Habarini wadau. Mimi nafundisha umeme wa majumbani kwenye chuo cha ufundi, na kwenye zamu yangu ya elimu kwa umma leo nimechagua taa za nje zenye shingo, yaani zile unazoweza kuinamisha, kuinua na kuzungusha, ziwe za kuchomeka ardhini, za kufunga ukutani au za kupandisha juu ya mti. Watu wakienda kununua wanauliza wati ngapi, inavumilia mvua au haivumilii, basi. Itakaa wapi na itaangalia wapi hakuna anayeuliza, wakati kazi yote iko hapo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Zamani kidogo nilifunga taa nne kwenye uwanja wa nyumba ya mteja mmoja, mchana jua linawaka, nikazilenga kwa kukisia tu, nikakaza nati, nikakunja ngazi nikaondoka zangu. Saa mbili usiku simu inaita: fundi, njoo uone ulichofanya. Nikaenda. Taa moja inaingia moja kwa moja dirishani kwa jirani, nyingine inampiga usoni kila anayeingia getini, na ule mti ambao ndio ulikuwa sababu ya kazi nzima umepata mwanga kwenye shina tu, huku chini, kama mtu aliyevaa soksi bila suruali. Tangu siku hiyo mchana nafunga na kuvuta nyaya, shingo naziacha zimekazwa nusu, usiku narudi na mwenzangu. Mmoja anashika taa na bisibisi, mwingine anazunguka: anakaa kwenye kiti cha baraza, anasimama getini, anaingia sebuleni anachungulia dirishani, anaenda mpaka upande wa jirani, alafu anapiga kelele "shusha kidogo, rudi kushoto, hapo hapo!"

Na kabla hata ya kuchimba, chukua tochi yenye mwanga mzuri uende nayo usiku. Iweke pale unapofikiria taa itakaa, mulika, sogeza nusu mita, mulika tena. Dakika kumi za tochi zinaokoa siku nzima ya kufukua, na mara nyingi utagundua ile sehemu uliyoipenda mchana usiku haina maana yoyote, alafu kuna jiwe au kichaka pembeni ambacho kikipigwa mwanga kwa ubavu kinakuwa kitu kingine kabisa.

Sasa tuje kwenye upana wa mwale, maana hapa ndio pesa nyingi zinapotea. Kwenye boksi la taa utaona namba ya digrii: 15, 24, 36, 60 na kadhalika. Huo ndio upana wa mwale, unaopimwa mpaka pale ukali wa mwanga unapobaki nusu ya ule wa katikati. Weka taa mita 5 kutoka kwenye kitu unachokimulika, mwale wa digrii 15 utakupa duara la mita 1.3 hivi, wa 24 mita 2.1, wa 36 mita 3.2 kasoro kidogo au na ziada kidogo, wa 60 karibu mita 6. Kwahiyo mnazi mrefu mwembamba ukiumulika kwa digrii 60 unamulika hewa tu, na mti wenye matawi mapana ukiupa digrii 15 unapata kidoa kimoja kikali katikati ya giza. Alafu kumbuka umbali: ukisogeza taa kutoka mita 2 kwenda mita 4, mwanga unaofika haubaki nusu, unabaki robo. Ndio maana mtu analalamika taa ni dhaifu anataka kununua yenye wati zaidi, kumbe ilitakiwa isogezwe karibu tu au ibadilishwe ya mwale mwembamba.

Kwenye kuinamisha sasa. Taa ya chini inayomulika juu, ikiangalia mbinguni kabisa tuite digrii sifuri. Jitahidi usiilaze zaidi ya digrii 35 kutoka hapo. Ukizidisha, mwale unaanza kuwatafuta watu machoni, na macho yakishapigwa mwanga mkali kila kitu kingine kinageuka giza, yaani umeweka taa ili mtu aone na umemfanya asione, hata ngazi ya mlangoni anaikosa. Mfano: una sanamu au nguzo ya mita 3, taa umeiweka mita 1.2 kutoka kwenye msingi wake na umeiinamisha digrii 30. Katikati ya mwale itagonga kama mita 2.1 kutoka chini, ambapo ni sehemu nzuri, maana kingo za mwale zitashika juu na chini zenyewe. Kama hapo inaumiza macho ya wanaopita upande wa pili, usikimbilie kupunguza wati. Kwanza jaribu kuihamisha taa ili iangalie upande ambao watu hawaji kutokea, alafu iwekee kikofia, kile kibati cha juu kinachoficha mdomo wa taa. Kipimo changu ni kimoja: mwanga uonekane, balbu isionekane.

Ukuta una habari yake. Taa ukiiweka karibu sana na ukuta, sentimita 15 mpaka 30, mwanga unapanda juu ukiuparua na kila jiwe linatoa kivuli chake, kitu kizuri sana kwenye ukuta wa mawe au tofali za kuchoma. Ila usije ukafanya hivyo kwenye ukuta wa plasta uliopigwa vibaya, nakwambia utaona kila kilima na kila bonde ambalo fundi aliliacha, na mwenye nyumba ataanza ugomvi mpya ambao sio wako. Ukuta wa namna hiyo irudishe taa nyuma, kama theluthi moja ya urefu wa ukuta, mwale mpana, mwanga umwagike sawasawa.

Haya, shingo yenyewe. Taa nyingi za maana shingo yake ina meno ndani, meno yanakamatana na skrubu inayabana. Sasa mtu anaona taa imeelekea pembeni, anaishika kichwa anaizungusha kwa nguvu bila kulegeza skrubu. Unasikia "krrr". Hayo ni meno yanaisha. Kuanzia hapo kila upepo ukivuma taa inainama kama mtu mwenye usingizi na hata ukaze vipi haisimami. Legeza skrubu kwanza mpaka meno yatengane, zungusha kichwa, weka unapotaka, kaza. Na kama unaishi karibu na bahari au bodi ya taa ni ya alumini na skrubu zake ni stenlesi, paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania kwenye nyuzi za skrubu kabla hujafunga, maana hizo metali mbili zikikutana na maji ya chumvi zinalana, na baada ya mwaka au miwili hiyo skrubu haifunguki tena, utaivunja.

Za kuchomeka ardhini tafadhali msizigonge kichwani kwa nyundo! Nimeshaona kioo kimepasuka siku ya kwanza, taa haijawaka hata mara moja. Toa kichwa, toboa shimo kwa nondo kwanza, mwagia maji kama udongo ni mgumu, alafu sukuma ule mkuki wake kwa mkono au weka kipande cha ubao juu ndio ugonge taratibu. Udongo ukiwa wa kichanga au wa kulowa sana mkuki peke yake hautoshi, mvua ikinyesha siku mbili taa inalala. Chimba shimo dogo, jaza kokoto ushindilie, au mwaga zege kidogo ufunge taa juu yake kwa bolti.

Kwenye mti kuna kosa moja ambalo limezoeleka mpaka watu wanaliona ni ufundi, nalo ni kuzungushia waya au mkanda kwenye shina na kukaza. Mti unanenepa jamani. Baada ya miaka michache gamba linaumeza ule mkanda, unaukata ule mkondo wa chakula unaopita chini ya gamba na tawi linaanza kukauka. Tumia skrubu ndefu za stenlesi, mbili tu, na uache nafasi kama sentimita 5 kati ya taa na gamba ili mti upate pa kunenepea, kila mwaka upande ukalegeze kidogo. Waya nao uache na ulegevu, mti unayumba kwenye upepo na waya uliovutwa kama uzi wa gitaa utakatika. Taa ya kwenye mti kwa maoni yangu ndio nzuri kuliko zote, ukiifunga mita 6 au zaidi ikaangalia chini kupitia majani, pale chini unapata vivuli kama vya mbalamwezi.

Maji. Namba za IP, yaani zile zinazoonyesha taa inazuia vumbi na maji kiasi gani, zinatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, na tarakimu ya pili ndio ya maji: IP44 inavumilia kurushiwa matone, IP65 inavumilia maji ya bomba la kumwagilia, IP67 inavumilia kuzama mpaka mita moja kwa nusu saa. Taa ya kuchimbia ardhini ambako maji yanatuama isiwe chini ya IP67. Ila soma karatasi yake pia, kuna taa ambazo hiyo namba ni kwa ajili ya kuangalia chini tu, ukiigeuza iangalie juu maji yanatuama kwenye kioo na yanatafuta njia. Kwenye ukuta toboa tundu likiwa na mteremko wa kutokea nje, waya uushushe kwanza chini ya taa kidogo ndio upande kuingia, ili tone la maji lidondoke pale kwenye mkunjo badala ya kufuata waya mpaka ndani. Silikoni paka juu na pembeni, chini acha wazi. Watu wanashangaa nikisema hivi, lakini maji yataingia tu siku moja, sasa ukiziba pote yatatokea wapi?

Umeme sasa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Bustani nyingi zinatumia volti 12 kupitia transfoma, na hiyo ni sawa, hata jembe likikata waya huyo mtu hafi. Shida yake ni volti kupotea njiani. Tuseme una taa kumi za wati 5, jumla wati 50, umeme unaopita ni kama ampea 4.2. Umevuta waya wa milimita 1.5 mita 30 na taa zote ziko kule mwisho. Waya huo una ukinzani wa ohmu 12 hivi kwa kilomita, na umeme unaenda na kurudi kwahiyo hesabu mita 60. Utapoteza volti 3! Umetuma 12 zinafika 9. Taa za LED nyingi zinavumilia kushuka kidogo ila hapo zitafifia au kuanza kupepesa, na mteja atakwambia umemletea taa feki. Waya wa milimita 4 unapoteza volti 1.2 tu. Au bila kubadilisha waya, weka transfoma katikati, taa tano huku mita 15 na tano kule mita 15, kila upande unapoteza isiyofika volti moja. Transfoma yenyewe usiipakie zaidi ya asilimia 80 ya wati zake. Maungio ya chini ya ardhi tumia kanekta zenye jeli ndani, sio kusokota na kuzungushia tepu nyeusi, ile tepu udongoni haimalizi msimu wa mvua.

Kama taa zako ni za volti 230 moja kwa moja hiyo sio kazi ya kujifundishia wikiendi. Itafutie fundi mwenye leseni, waya upite kwenye bomba na kwenye kina kinachotakiwa na kanuni za unapoishi, na saketi iwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Hata fundi akija, muulize hicho kifaa kiko wapi akuonyeshe kwa kidole.

Sensa, yaani vifaa vinavyowasha na kuzima taa vyenyewe. Ile ya kuhisi mtu akipita ifunge kimo cha mita 2 mpaka 2.5, na iwekwe mtu akipita mbele yake kwa kukatiza, kwa sababu inahisi vizuri anayekatiza kuliko anayeifuata moja kwa moja. Ile ya kuwasha giza likiingia, hakikisha haioni taa yake yenyewe, la sivyo taa inawaka, sensa inadhani kumekucha, inazima, inaona giza, inawasha, hivyo hivyo usiku kucha kama disko.

Rangi ya mwanga kwa nje mimi nachukua ile ya manjano, 2700 mpaka 3000 kelvini, inavuta wadudu wachache kuliko ule mweupe wa bluu. DarkSky International, shirika lililoanza mwaka 1988 kule Arizona Marekani kwa ajili ya kutetea anga la usiku, nalo linahimiza mwanga wa nje uwe wa rangi hiyo, uelekezwe panapohitajika tu na uwake muda unaohitajika tu. Kwa wenye nyumba za ufukweni hili wala sio la mapendeleo, kasa wadogo wakitoka kwenye mayai wanatafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga zaidi, wakiona taa yako wanaifuata na kupotelea nchi kavu.

Usiku ule ule ukishamaliza kulenga na kukaza, chukua rangi ya kucha au maka, chora mstari mmoja unaokatiza shingo kutoka kipande cha chini mpaka cha juu. Siku mkata majani akiigonga taa, au mtoto akiigeuza akicheza, unaangalia mstari, unairudisha mpaka ikutane, unakaza, hamna haja ya kusubiri giza tena. Kioo kikipata ukungu mweupe wa chokaa ya maji ya kumwagilia, kitambaa na siki kidogo kinatoa.