Kumshitaki jaji si kukata rufaa

Mtu akishindwa kesi ya kiwanja hapa Lubumbashi, Kongo, awe wa Katuba, Ruashi au Kampemba, anaingia kwa avoka (wakili) na maneno yale yale: "Maître, jaji amekula rushwa. Tuandikie CSM, hukumu ivunjwe." Hapana, mama. Hapana, mzee. CSM, yaani Baraza Kuu la Mahakimu, halivunji hukumu ya mtu. Katika mambo ya nidhamu linamwadhibu hakimu. Karatasi aliyoisaini haliigusi. Adhabu zenyewe ni nne katika sheria ya mwaka 2006 kuhusu hadhi ya mahakimu: karipio, kukatwa theluthi moja ya mshahara wa mwezi, kusimamishwa bila mshahara kwa miezi isiyozidi mitatu, na kufukuzwa. Jaji anaweza kufukuzwa leo, na kesho wisye (afisa wa mahakama anayepeleka hukumu na kuzitekeleza) akaja kukutoa kwenye nyumba kwa hukumu ile ile aliyoitoa.

Hasara kubwa iko kwenye siku. Kesi ya madai ina siku 30 za rufaa tangu wisye alipokuletea hukumu. Ya jinai ina siku 10 tu, na kama ulikuwepo mahakamani zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa. Malalamiko kwa CSM hayasimamishi hesabu hiyo hata kwa saa moja. Mtu anaandika barua, anakaa akingoja jibu la Kinshasa, siku zinaisha, halafu ndipo anamtafuta avoka. Hapo hata kama jaji alikosea waziwazi, mlango wa rufaa umeshafungwa. Na ile karatasi ya wisye mara nyingi inapokelewa na shemeji. Anatia saini, anaiweka juu ya kabati, anasahau kusema. Kuikabidhi kwa ndugu aliyekutwa nyumbani kwako kunahesabika. Kwa hiyo andika tarehe ya kupokea kwa biki nyekundu juu ya farde (jalada la kesi), mbele kabisa, kisha nenda grefe (ofisi ya karani) ya mahakama ya juu kutangaza rufaa ya madai: kutoka mahakama ya amani unaenda TGI (tribunal de grande instance, mahakama iliyo juu yake), kutoka TGI unaenda Mahakama ya Rufaa. Malalamiko dhidi ya jaji yaandikwe baada ya hapo, kama kweli yapo.

Maana kushindwa hakuthibitishi kwamba jaji amekula. Jaji aliyeielewa sheria vibaya anasahihishwa na rufaa. Kosa hilo linageuka la nidhamu likifanywa kwa nia mbaya au kwa chuki binafsi, na nia mbaya inaonyeshwa kwa matendo. "Alinitazama vibaya" si tendo. "Tarehe fulani, saa fulani, alimpokea mpinzani wangu nyumbani kwake wakati kesi iko kwenye délibéré (majaji wanatafakari hukumu), na fulani aliona": hilo lina pa kushika. Barua iwe ya Kifaransa, imesainiwa, ina jina la mahakama, namba ya kesi (RC kwa madai, RP kwa jinai), tarehe za vikao, na kila tukio na aya yake. Ambatisha kopi; orijino zibaki kwako. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Kuisambaza kwa gavana, askofu na wabunge hakuongezi uzito wowote. Na ukitunga uongo, ujue kumsingizia mtu kwa maandishi mbele ya mamlaka ni kosa la jinai.

Njia ambayo ubaya wa jaji mwenyewe unaweza kuangusha hukumu ipo, inaitwa prise à partie (kumshitaki jaji mwenyewe kwa alivyoendesha kesi), mbele ya Cour de cassation, mahakama iliyo juu ya Mahakama za Rufaa, kwa sheria ya mwaka 2013. Sababu zake ni chache: hila (na kosa la sheria lililo kubwa mno linahesabiwa sawa na hila), kutoza au kupokea kisichostahili, au kukataa kutoa haki. Unahitaji avoka wa Cour de cassation, ndani ya miezi 12. Ukishinda, mahakama inabatilisha uamuzi na fidia inaweza kuamuliwa, Serikali ikiwajibika kuilipa pamoja na jaji. Ukishindwa, jaji anaweza kukudai wewe fidia. Kwa jaji anayekalia kesi iliyo tayari kuamuliwa, lazima kwanza wisye ampelekee maonyo mawili, kati yake siku zisizopungua 8. Kugonga mlango wa ofisi yake kila Jumatatu si onyo.

Mengine kwa haraka. Kumkataa jaji hakufanyiki siku ya hukumu: ni tamko lenye sababu, linaandikwa grefe mara unapoijua sababu, na kabla mijadala haijafungwa. Sababu zimeorodheshwa kwenye sheria: maslahi katika kesi, undugu hadi daraja la tatu na mmoja wa wahusika au na avoka wake, urafiki, uadui, kuwa ameshatoa maoni yake, na kadhalika. Kabila lake halimo. Kama unaishuku mahakama nzima, hiyo ni taratibu nyingine, ya kuomba kesi ihamishwe.

Waziri kumpigia jaji simu? Ibara ya 151 ya Katiba inakataza. Waziri wa Sheria anaweza kuiagiza parke (waendesha mashtaka), si jaji. Ahadi za "mjomba wa Kinshasa" zinawala wanaoziamini.

Eti jaji hashitakiwi kwa jinai? Anashitakiwa, ila wa mahakama ya amani au wa TGI anahukumiwa na Mahakama ya Rufaa. Na kwa rushwa, aliyetoa bahasha yuko hatiani sawa na aliyeipokea, hata kama alishindwa kesi na sasa ana hasira. Malipo halali ya grefe yana risiti. Ukiambiwa "hii ni ya mheshimiwa" na risiti haipo, mwombe anayekudai aandike kiasi na jina lake kwenye karatasi. Mara nyingi deni linafutika palepale.