Kuku mweupe si lazima awe chotara

Mteja wa Bahi kanitumia picha ya vifaranga: saba wa rangi mchanganyiko, wawili weupe pepe. Chini kaandika, "Mtaalamu, jogoo mwekundu, mtetea mweusi, hawa weupe wametoka wapi? Umeniuzia machotara." Hilo nimelisikia Nala, nimelisikia Chamwino, na wauza kuku wa matenga pale Majengo wanaliapia kabisa. Naandika mara moja ili atakayeuliza tena nimtumie hii, mimi niendelee kulisha.

Weupe wa kuku uko wa aina mbili zisizo na undugu. Kuna weupe wa jeni tawala, ule wa Leghorn, kuku wa mayai: nakala moja tu, kutoka kwa mzazi yeyote, inafuta weusi. Halafu kuna weupe uliojificha, usioonekana mpaka nakala mbili zikutane, ya baba na ya mama. Jogoo mwekundu anaubeba mpaka anaingia sufuriani na hujui. Akimpanda mtetea anayeubeba pia, kila kifaranga ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mweupe. Kwa yule wa Bahi ndicho ninachokiona, maana mtetea mweusi tii hawezi kuwa na ile jeni tawala, ingemfuta.

Jogoo, je? Hapo tazameni mkia, jamani! Jeni tawala inafuta weusi lakini wekundu inauacha karibu wote. Jogoo mwekundu ambaye mkia wake, badala ya kuwa mweusi, umekuwa kama uliomwagikiwa jiki, huyo anayo. Wa Bahi mkia wake mweusi unang'aa.

Na hata angekuwa nayo? Labda kuna bibi yake aliyetoka banda la kuku wa mayai. Labda. Jeni moja ya rangi haikwambii lolote kuhusu uzito, utagaji au kustahimili jua la Dodoma; hayo yana jeni zake, nyingi. Ila msinigeuzie kibao: weupe uliojificha nao umo kwenye baadhi ya koo za kuku wa nyama wa kisasa. Kwa hiyo rangi haimtii kuku hatiani, wala haimsafishi.

Kuhusu jogoo wa jirani, kwamba huenda ndiye aliyempanda mtetea wako, haraka: mbegu hukaa ndani ya mtetea wiki mbili na zaidi, kwa hiyo ukibadili jogoo subiri wiki tatu ndipo ukusanye mayai ya kutotolesha. Na kuku wa rangi ya majivu kwa mwenzake wa majivu hawatoi majivu watupu: robo weusi, nusu majivu, robo weupe wenye mabaka. Hao nao huitwa machotara, basi tu.

Kwa macho, kuku mweupe sijui ni wa aina ipi. Namkutanisha na mweusi. Vifaranga wote wakiwa weupe, naamini ni jeni tawala. Wote wakiwa na rangi, ni ule uliojificha. Wakiwa nusu kwa nusu nakuna kichwa, maana huenda mweupe ana nakala moja tu ya jeni tawala, au mweusi wangu naye kaficha kitu. Nasubiri waote manyoya. Wale weupe wakitoa madoa meusi, nashuku jeni tawala. Wasipotoa, natafuta mweusi wa ukoo mwingine na naanza upya.