Siku 90 za kuandikisha mtoto hazipumziki kwa ajili ya Noeli na Bonane (Mwaka Mpya)

Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili unapoingia, madirisha ya huduma ya hali ya kiraia, inayoandikisha uzazi, ndoa na vifo, katika komini (vitengo vya utawala vya jiji) za Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupungukiwa na watu. Mwezi wa kwanza unapofika katikati, foleni hurudi kwa kishindo, imejaa wazazi wenye lalamiko la namna moja: mtoto alizaliwa mwezi wa tisa au wa kumi, familia ilikuwa inangoja sikukuu zipite, na sasa wanaambiwa kwamba muda wa sheria umekwisha na kwamba njia iliyobaki ni ya mahakama. Sisi wa huduma hiyo hatuna shaka kwamba wazazi hao wana nia njema. Nia njema, hata hivyo, haiandikwi katika daftari, na makala haya yanatolewa mapema ili anayehusika apate nafasi ya kuja kabla ya Noeli.

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimpa mzazi siku 30 tu. Marekebisho yaliyoletwa na Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 yaliongeza muda huo ukafika siku 90 zinazofuata kuzaliwa kwa mtoto, na ndani ya muda huo kuandikisha ni bure. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta kwamba kati ya watoto wanne wenye umri wa chini ya miaka mitano, mmoja tu ndiye aliyekuwa ameandikishwa; ule wa 2017–2018 ulikuta watoto 40 kwa kila 100. Hatua imepigwa, lakini bado walio wengi wanakua bila kuwa katika daftari lolote la serikali, na wako kati yao waliozaliwa katika materniti, mbele ya mkunga, mjini, si porini.

Sheria inasema siku 90. Haisemi siku 90 za kazi, wala haisemi siku 90 ukitoa sikukuu. Kwa kuwa kila mwaka tunaulizwa swali hilohilo, tuhesabu pamoja. Mtoto aliyezaliwa tarehe 26 Septemba, siku yake ya 90 ni tarehe 25 Desemba, yaani Noeli yenyewe. Aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba anaangukia tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba anaangukia tarehe 4 Januari, siku ya Mashahidi wa Uhuru. Waliozaliwa tarehe 18 na 19 Oktoba wanaangukia tarehe 16 na 17 Januari, siku za kuwakumbuka Laurent-Désiré Kabila na Patrice Emery Lumumba. Siku hizo tano ofisi zimefungwa. Kuna wanaotaka kujua kama siku ya mwisho ikiangukia sikukuu mzazi huongezewa siku moja. Ushauri wetu ni kwamba mzazi asijiweke mahali pa kulazimika kuuliza swali hilo. Mama aliyejifungua kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba ahesabu leo, na aje kabla ya wiki ya Noeli.

Inafaa pia kusahihisha dhana nyingine, kwamba komini hufungwa kuanzia mkesha wa Noeli hadi mambo ya tarehe 17 Januari yaishe. Si kweli. Kati ya sikukuu hizo kuna siku za kazi, na siku hizo daftari linafunguliwa. Hatutaficha kwamba watumishi hupungua, kwa kuwa nao wana likizo na wana familia Likasi, Kamina na Kolwezi, na kwa hiyo huduma inaweza kwenda polepole kuliko kawaida. Burugumestri, yaani mkuu wa komini, asipokuwepo, yuko aliyeteuliwa kutia sahihi kwa niaba yake. Mzazi anayerudishwa nyumbani kwa neno la mdomo tu, aambiwe «rudi baada ya Bonane», aombe kuonana na mkuu wa huduma siku hiyohiyo, kwa heshima lakini bila kuondoka.

Sababu ya kwanza ya kuchelewa ni jina. Familia nyingi hazitaki kumpa mtoto jina kabla babu hajafika, na babu anakuja kwa sikukuu. Tunaiheshimu desturi hiyo. Sheria ya Familia yenyewe inataka majina yachukuliwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na nani aujue urithi huo kuliko wazee? Lakini babu ana simu. Jina linaweza kutajwa kwa simu mwezi wa kumi, mtoto akaandikishwa, na sherehe ikafanywa wakati wa Bonane babu akiwepo, bila mtu yeyote kupungukiwa heshima. Kwa mapacha, kila mtoto ana cheti chake, na saa ya kuzaliwa ya kila mmoja iandikwe sawasawa, maana ni saa hiyo itakayoonyesha miaka ishirini baadaye nani alitangulia kati ya Kyungu na Kabange, majina wanayopewa mapacha.

Sababu ya pili ni baba. Yuko kwenye machimbo upande wa Kolwezi, au ni dereva wa magari makubwa ya Kasumbalesa, na atarudi kwa Noeli. Mama anakaa na karatasi nyumbani akiamini kwamba bila baba hawezi kupokelewa. Anaweza. Sheria inamtaja baba au mama. Wakikosekana wote wawili, ndugu wa familia, na hata daktari au mkunga aliyehudhuria uzazi. Suala la baba kumtambua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni jambo jingine lenye utaratibu wake, na lisichanganywe na hili. Mtoto huandikishwa kwanza kwa sababu amezaliwa. Tunasikitika kusema kwamba wako pia watumishi wachache wanaomwambia mama «njoo na bwana wako». Hao wanakosea, na wamekwisha kukumbushwa.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuchosha zaidi. Mzazi anasema: «Mtoto wangu ana cheti», kisha anatoa karatasi ya materniti. Mara nyingi ni nusu ya karatasi, imekunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya kadi ya chanjo. Mvua ya Desemba imeipata njiani kutoka Ruashi au Katuba, wino wa muhuri umesambaa, na mahali pa jina la mtoto pameandikwa «bebe» tu, likifuatiwa na jina la mama, kwa kuwa siku ile babu alikuwa bado hajasema neno. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba uzazi ulitokea mahali fulani, saa fulani. Ni ya lazima, na msiipoteze. Lakini cheti cha kuzaliwa ni kile kinachotolewa na afisa wa hali ya kiraia baada ya kuandika katika daftari, chenye namba, sahihi na muhuri wa komini. Kadi ya ubatizo nayo, hata ikitolewa siku ya Noeli mbele ya parokia nzima, haichukui nafasi yake, na wala padri au mchungaji hajawahi kudai kwamba inaichukua.

Anayekuja aje na karatasi hiyo ya materniti na vitambulisho vya wazazi. Kadi ya mpiga kura inakubaliwa. Kabla ya kutoka nyumbani, weka karatasi zote juu ya meza moja na usome majina herufi kwa herufi. Mama ambaye ni Mwamba kwenye kadi ya mpiga kura akawa Muamba kwenye karatasi ya materniti, au baba ambaye ni Ngoy hapa na Ngoie pale, anaweza kudhani kwamba ni mamoja kwa sababu sauti ni ileile. Si mamoja. Mtoto atakapoomba pasipoti au kuthibitisha uraia wake, tofauti hiyo ya herufi itamrudisha mahakamani kurekebisha cheti. Afadhali kupita kwanza materniti kusahihisha, wakati kitabu chao cha uzazi bado kiko mezani na mkunga aliyeandika bado anakumbuka. Na mtumishi akimaliza kuandika, mzazi asome au asomewe kabla ya kutia sahihi. Kuna wanaotia sahihi huku wakitazama mlangoni kwa haraka ya basi, kisha wanarudi mwezi wa tatu kulalamika kwamba tumekosea.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huanza kuonekana katikati ya Januari, na ambalo tunaomba lisomwe kwa makini. Mzazi aliyechelewa siku nne au siku kumi anamwomba mtumishi «asogeze tarehe kidogo», ili mtoto wa tarehe 6 Oktoba aandikwe kwamba alizaliwa tarehe 20, na kila kitu kionekane kuwa ndani ya muda. Wengine hutumwa na makomisioneri (madalali) wanaosimama nje ya geti, wanaojua kila dirisha na kila bei. Kwa mzazi hilo ni jambo dogo, upole tu kati ya watu. Kwa sheria ni kughushi. Kifungu cha 124 cha kitabu cha pili cha Sheria ya Adhabu kinaadhibu kughushi maandishi kwa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, pamoja na faini au mojawapo ya adhabu hizo. Kifungu cha 125 kinaruhusu kifungo kufika miaka 10 pale aliyeghushi ni mtumishi wa serikali akiwa kazini. Kifungu cha 126 kinamfuata anayeitumia karatasi hiyo huku akijua kwamba ni ya uongo, na kumpa adhabu sawa na ya aliyeitengeneza. Kwa hiyo mzazi, mtumishi na komisioneri wanaweza kusimama pamoja mbele ya hakimu mmoja. Hata wasipokamatwa, kitabu cha materniti na kadi ya chanjo vinabaki na tarehe ya kweli, na mtoto ndiye atakayeulizwa siku moja ni ipi kati ya tarehe mbili aliyozaliwa.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi, kwa kuwa malalamiko tunayoyapokea ni mengi na si yote yamethibitishwa. Kuandikisha ndani ya siku 90 hakulipiwi. Panapokuwa na malipo halali kwa huduma nyingine, kama vile nakala, mzazi hupewa karatasi ya malipo. Tunajua kwamba mwisho wa mwaka salamu hubadilika mdomoni, na «Bonane!» huweza kutamkwa dirishani kwa namna inayongoja jibu la mfukoni. Bonane si ada. Matabishi (bakshishi) pia si ada. Mwananchi hana wajibu wa kutoa, lakini tunamwomba naye asiwe wa kwanza kuweka noti ndani ya kadi ya chanjo kisha akalalamika kwamba imechukuliwa.

Wanaofunga ndoa mwisho wa mwaka wanahitaji maneno machache tu. Ndoa hutangazwa kabla ya kufungwa, hivyo anayetaka Jumamosi ya mwisho ya Desemba asije wiki hiyohiyo akiwa amekwisha kukodi ukumbi na kushona sare za familia mbili. Ndoa ya kanisani haina nguvu ya ndoa ya kiraia. Na chini ya miaka 18 hatumfungishi ndoa mtu yeyote, hata mahari ikiwa imekwisha kupokelewa na wazee wote wakiwa wamekubaliana. Kifo nacho hutangazwa komini. Kibali cha kuzika si mwisho wa utaratibu, na wajane wanaokuja kudai haki zao mwaka mmoja baadaye hugundua hilo kwa uchungu.

Kwa wale ambao siku zao 90 zimekwisha kupita wakati wanaposoma haya, mlango haujafungwa, ila umehamia mahali pengine. Mzazi huenda kwenye mahakama ya watoto na kuomba hukumu inayochukua nafasi ya tamko la kuzaliwa, ile inayojulikana na wengi kwa jina la jugement supplétif. Aende na karatasi ya materniti ikiwa anayo, vitambulisho vyake, na watu wanaojua uzazi huo. Hapo kuna gharama za mahakama, na kila malipo yafanywe kwenye ofisi ya mahakama yenyewe dhidi ya risiti, si kwa mtu wa ukumbini. Hukumu ikitoka, wazazi wengi hufurahi, huipeleka kuwekwa plastiki, na kuifungia sandukuni wakidhani kwamba kazi imekwisha. Hukumu si cheti. Inatakiwa kupatikana kwanza hati ya mahakama inayoonyesha kwamba haikukatiwa rufaa, kisha vyote viwili virudishwe komini ili afisa wa hali ya kiraia aviandike katika daftari na kutoa cheti chenye namba. Na tunaomba hukumu hiyo iletwe kabla ya kuwekwa plastiki, kwa kuwa juu ya plastiki muhuri haushiki.