Sayansi ya Bahari Chuo Kikuu: Yanayosemwa Pwani ya Kusini na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea zaidi kuanzia Msimbati hadi Kilwa ni kwamba kijana anayekwenda chuo kikuu kusomea sayansi ya bahari anakwenda kufundishwa uvuvi, kazi ambayo babu yake angemfundisha bure. Ukweli ni kwamba shahada hiyo huchunguza kwa nini samaki wapo mahali fulani, huzaana lini, na ni kiasi gani kinaweza kuvuliwa bila kumaliza akiba iliyopo. Ujuzi wa wazee ni hazina, na mwanafunzi anayeudharau hujinyima mengi. Hata hivyo una mipaka, kwani bahari huficha mengi hata kwa wazoefu wake. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walinasa katika jarife, wavu wa matundu makubwa, samaki aitwaye silikanti, ambaye hakuwa amethibitishwa kabla ya hapo katika maji ya Tanzania, na ambaye hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938 wataalamu waliamini kuwa alitoweka duniani pamoja na dinosaria.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa zaidi kwa wanafunzi wetu ni kwamba somo hili ni biolojia tupu, hivyo aliyeikimbia fizikia na hisabati atapata hifadhi huko. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi na kuifikia Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji, kisha hugawanyika: tawi moja hupanda kaskazini kupitia Lindi na Kilwa, jingine huteremka kusini. Mayai na mabuu ya samaki, kaa na matumbawe husafiri na maji hayo, kwa hiyo kinachoharibiwa Mtwara kinaweza kupunguza uzao wa viumbe mbali na hapo. Kuufuatilia uhusiano huo kunahitaji takwimu, kemia ya maji ya chumvi, na fizikia inayoeleza kwa nini tawi la kaskazini hushika kasi wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi.

Wapo pia wanaoyahesabu matumbawe kuwa mawe, jambo linaloeleweka Mikindani, ambako kwa miaka mingi yalichimbwa na kuchomwa ili kupata chokaa. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa, na aina nyingi hulishwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya miili yao. Maji yakipata joto kupita kiasi, kama ilivyotokea mwaka 1998, ushirika huo huvunjika, tumbawe hupauka, na hali ikidumu hufa. Inauma kufikiri kwamba mlipuko mmoja wa baruti ya kuvulia samaki huvunja kwa sekunde chache kilichojengwa kwa miongo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hulinda matumbawe pamoja na mikoko na nyasi bahari, kwa kuwa baadhi ya samaki wa miambani hukulia humo.

Asiyejua kuogelea asikate tamaa: kupiga mbizi hufundishika, na kazi nyingi hufanyika maabara au ufukweni maji yanapokupwa.

Kuhusu ajira, ni kweli nafasi za serikali ni chache, lakini mlango wa ofisa uvuvi si mlango pekee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na katika pwani yenye bandari ya Mtwara na visima vya gesi vya Ghuba ya Mnazi na Songosongo, tathmini hiyo haikamiliki bila mtu anayeijua sakafu ya bahari, viumbe wake na mwenendo wa maji yake.