Kunata: kutoka kwenye gundi hadi utumbo ulioshikana

Kunata ni hali ya vitu viwili tofauti kushikana pale nyuso zake zinapogusana. Gundi hunata kwenye karatasi, plasta kwenye ngozi, rangi kwenye ukuta. Ukuta ukipakwa rangi bila kufutwa vumbi, rangi hubambuka upesi, kwa sababu kilichoshikwa ni vumbi, si ukuta.

Katika sayansi, chanzo chake ni mvutano kati ya molekuli za vitu vya aina mbili. Molekuli za kitu kimoja nazo huvutana zenyewe kwa zenyewe. Tazama maji ndani ya glasi: pembeni hupanda kidogo, kwa kuwa kioo kinayavuta kuliko yanavyovutana yenyewe. Zebaki hufanya kinyume, hushuka pembeni na kuvimba katikati. Mjusi kafiri naye hupita darini bila gundi yoyote. Vidole vyake vina vinyweleo vidogo mno, vinavyoukaribia uso wa dari kiasi cha molekuli kuvutana.

Upande wa tiba, ambako kunata ni viungo vya ndani kushikana kwa kovu, ndio hasa wa kuuelewa, maana unamhusu kila aliyewahi kupasuliwa tumbo. Viungo vya tumboni vimefunikwa na utando laini wenye unyevu, ndiyo maana utumbo huteleza bila kukwama. Utando huo ukijeruhiwa, kwa upasuaji, maambukizi ya nyonga au endometriosisi (ugonjwa wa tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake), mwili hutandaza nyuzi za fibrini, protini ileile inayogandisha damu. Kwa kawaida nyuzi hizo huyeyushwa baada ya siku chache. Zisipoyeyuka, hugeuka kamba za kovu zinazoshikanisha utumbo kwa utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo.

Wengi hukaa nazo bila kuhisi lolote. Kwa wengine huvuta mirija ya uzazi na kuzuia mimba, au hukunja utumbo hadi ukaziba, hata miaka mingi baada ya kidonda kupona. Tumbo likinyonga, likajaa, ukatapika na usipate choo wala kutoa hewa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Daktari anaweza kuzikata, ila kukata nako ni jeraha jipya linaloweza kuzaa kamba nyingine, hivyo hukatwa pale tu zinapoleta madhara. Na kwa kuwa picha za eksirei au ultrasaundi mara nyingi hazizionyeshi kamba zenyewe, mtajie daktari kila upasuaji uliowahi kufanyiwa, hata wa zamani.