Plei kwenye skrubu ya CNC ni nini?

Kwenye CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, mota huzungusha skrubu ili nati isogeze meza. Plei ni uwazi mdogo uliopo kati ya nyuzi za skrubu na nyuzi za nati. Skrubu inapogeuza mwelekeo, huzunguka kidogo bila kusukuma chochote. Uwazi ukiisha ndipo nati inaanza kurudi. Kompyuta inahesabu kwamba meza imeshasogea, kumbe bado iko palepale.

Kwa fundi wa Nyakato au Mabatini, jijini Mwanza, anayejitengenezea CNC ya kuchonga mbao, plei huonekana kwanza kwenye duara. Chonga duara la sentimita 10 kwenye kipande cha mninga, kisha pitisha kidole ukingoni. Utakuta sehemu 4 zilizo bapa au zenye kituta kidogo: juu, chini, kushoto na kulia, yaani pale hasa mhimili mmoja (mwelekeo mmoja wa mwendo wa mashine) unapogeuza mwendo. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kununua mota kubwa zaidi. Mota haina kosa!

Chanzo mara nyingi ni kile chuma kirefu cha M8 (kipenyo cha milimita 8) chenye nyuzi, cha duka la vifaa vya ujenzi. Kimetengenezwa kwa ajili ya kukaza, si kutembeza mzigo. Nyuzi zake zina pembe ya digrii 60, na nati yake imeachiwa nafasi ili iingie kirahisi. Skrubu ya trapeza, ya digrii 30, ndiyo ya kazi hii. Chukua T8, skrubu ya trapeza ya kipenyo cha milimita 8, inayosogeza nati milimita 8 kwa mzunguko: kwa mota inayopiga hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.04. Plei ikiwa milimita 0.3, basi hatua 7 na nusu zinapotea kila mhimili unapogeuka.

Dawa yake ni nati 2 zenye springi katikati, moja ikiegemea upande huu wa uzi, nyingine upande wa pili. Springi ishinde nguvu ya kisu kinapokata, lakini isizidi mno, maana msuguano utaifanya mota iruke hatua. Kisha shika skrubu kwa mkono, uivute na kuisukuma kwa urefu wake. Ikicheza, beringi ya mwisho haijabanwa, na hapo nati nzuri namna gani haikusaidii.

Programu kama LinuxCNC huweza kufidia plei kwa hesabu. Mimi siitegemei: kisu kikiuma mbao, huivuta meza ndani ya uwazi uleule, na hesabu haiwezi kuizuia.

Skrubu ya gololi, ambayo nati yake ina gololi zinazoviringika ndani ya nyuzi, mfano 1605 yenye kipenyo cha milimita 16 na mwendo wa milimita 5, plei yake ni ndogo sana. Ila ni nyepesi kuzunguka. Ukiifunga kwenye mhimili wa wima, weka breki au uzito wa kusawazisha, kwa sababu umeme ukikatika, kichwa chote kinaweza kushuka na kisu kikazama kwenye kazi.